Mkwaju Umeinamia Wapi? Jina, Mwelekeo na Kazi za Alama Ndogo

Katika alama zote za uandishi, hapana iliyopewa kazi nyingi na kufundishwa kidogo kama mstari mmoja ulioinama: /. Nukta ina somo lake tangu shule ya msingi. Mkato nao una somo lake. Alama ya kuuliza hujitambulisha yenyewe. Mstari huu ulioinama huingia darasani bila kubisha hodi. Mwalimu wa hisabati huutumia kugawanya, mwalimu wa Kiswahili huutumia kuzingira fonimu, karani huutumia katika kumbukumbu za majalada, muuza ndizi wa Tukuyu huuandika baada ya bei, na kijana aliyeketi mbele ya kompyuta huutafuta kwenye kibodi asijue ni upi hasa kati ya miwili inayofanana. Kila mmoja wao anaijua kazi moja. Ni wachache waliowahi kuzilinganisha zote.

Katika makala haya nina hoja tatu. Kwanza, alama hii ina jina zuri la Kiswahili, nalo ni mkwaju. Hatuna haja ya kuazima jingine. Pili, mwelekeo wa mkwaju ni jambo la kisayansi linaloweza kufundishwa kwa dakika chache, na wanafunzi wa Rungwe, waishio kwenye miteremko ya mlima, wana nafasi nzuri kuliko wengi ya kulielewa. Tatu, yatupasa kuacha kuutumia mkwaju mahali pa maneno “na” na “au” katika maagizo, mitihani na matangazo, kwa sababu mazoea hayo huwagharimu watu fedha, alama za mtihani, na pengine hata afya.

Kifimbo cha Kirumi na fimbo ya Kiswahili

Waandishi wa Ulaya wa zama za kati, walionakili vitabu kwa mkono, walikuwa wakichora mstari ulioinama kumwonyesha msomaji mahali pa kupumzika. Kwa Kilatini mstari huo uliitwa virgula, yaani kifimbo, neno litokanalo na virga, lenye maana ya fimbo au ufito. Miaka ilipopita, kifimbo hicho kilifupishwa, kikashuka hadi kwenye msingi wa maandishi, kikapinda kidogo, na ndicho tunachokiona leo kama mkato. Ndiyo maana Wafaransa hadi sasa huuita mkato virgule, yaani kifimbo, ingawa umbo la fimbo limekwisha kutoweka. Kwa hiyo mkato na mkwaju ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa na tutazame majina yetu. Neno mkato linatokana na kukata. Wagiriki wa kale nao waliita sehemu fupi ya sentensi komma, maana yake kipande kilichokatwa, na kutoka kwao Waingereza walipata jina la alama hiyo. Neno mkwaju, kwa upande wake, lina maana zaidi ya moja katika Kiswahili: ni mti uzaao ukwaju, ni fimbo, na katika kandanda ni shuti zito, kama tusemavyo “mkwaju wa penalti”. Katika maana hizo, inayofanana na alama yetu ni fimbo. Hivyo, Kiswahili kimekubaliana na Wagiriki juu ya mkato, na kimekubaliana na Warumi juu ya mkwaju. Sisemi kwamba tuliazima kwao. Nasema kwamba watu wakikitazama kitu kilekile kwa makini, aghalabu hukipa jina la namna moja, hata kama wametengwa na bahari na karne nyingi.

Jambo hili lina faida yake ya kimatendo. Wako wanaopendelea kutumia neno la Kiingereza “slash”, na wengine wangependa kulitafsiri. Neno hilo maana yake ni kukata kwa nguvu, kama mtu apigavyo panga. Na kama jina la alama, si la kale, kwani lilienea katika karne ya 20, hasa kutoka Marekani, wakati Waingereza wenyewe walizoea majina mengine. Tukilitafsiri neno kwa neno tutapata nini? Tutapata “mkato”, jina ambalo tayari lina mwenyewe. Alama mbili zenye jina moja ni mlango wa vurugu. Afadhali tushike mkwaju, ambao ni wetu na unaeleza umbo lenyewe.

Mwalimu wa Tukuyu atakumbana na kikwazo kimoja kidogo. Mti wa mkwaju hupenda nchi za joto zenye kiangazi kirefu. Kwenye miinuko ya Rungwe, inayopata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mwanafunzi amezoea migomba, chai, kahawa na viazi, na huenda hajawahi kuupanda mkwaju hata mmoja. Basi asianze na mti. Aanze na fimbo, au aanze na kandanda. Mji ambao timu yake, Tukuyu Stars, ilitwaa ubingwa wa ligi ya Tanzania Bara mwaka 1986 hauna haja ya kuelezwa mkwaju ni nini.

Shilingi na mkwaju wake

Kazi inayoonekana zaidi ya mkwaju katika maisha ya mwananchi ni ile ya bei: 2,000/=. Wengi hudhani ni pambo tu. La hasha, ni kumbukumbu ya safari ndefu ya fedha.

Katika hesabu za Warumi na za Ulaya ya baadaye, fedha ziligawanywa katika libra, solidus na denarius. Solidus ilikuwa sarafu ya dhahabu, na denarius ndilo asili ya neno dinari. Waingereza walipohesabu pauni, shilingi na peni, waliendelea kutumia herufi za mwanzo za majina hayo ya Kilatini, na herufi “s” ikasimama kwa solidus, yaani shilingi. Katika mwandiko wa zamani “s” ilikuwa na umbo refu lililosimama. Makarani walipoiandika kwa haraka, ikawa mstari ulioinama. Kwa hiyo 5/- ilisomwa “shilingi tano, peni hakuna”. Hata leo jina mojawapo la mkwaju katika uchapaji wa Ulaya ni lilelile la sarafu: solidus.

Ilifikaje Rungwe? Wakati wa Wajerumani, Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg, na fedha ilikuwa rupia, ambayo tangu mwaka 1904 iligawanywa katika heller 100. Waingereza walichukua eneo hilo mwaka 1916, na mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki. Shilingi hiyo ilitofautiana na ya Uingereza: ya Uingereza ilikuwa na peni 12, ya kwetu ilikuwa na senti 100. Lakini namna ya kuandika ilihamishwa pamoja na jina: shilingi mbili na senti hamsini iliandikwa 2/50. Mwaka 1966 Tanzania ikatoa shilingi yake yenyewe. Mwaka 1971 Uingereza ikaacha kabisa hesabu ya shilingi na kuingia katika hesabu ya makumi. Hivyo alama iliyozaliwa kwao imekufa kwao, na imebaki hai katika masoko ya Afrika ya Mashariki.

Nami naona ibaki. Mkwaju na vistari viwili baada ya bei vina kazi: hufunga hesabu, ili mtu asipate nafasi ya kuongeza tarakimu mwishoni. Katika stakabadhi ya mkono ni kufuli jepesi lisilogharimu kitu. Lakini mwanafunzi na atambue kwamba maandishi yaleyale, 2/50, yana maana tatu kwa wasomaji watatu. Kwa mhasibu wa zamani ni shilingi mbili na nusu. Kwa mwanahisabati ni sehemu mbili katika hamsini, yaani 0.04. Kwa mtunza majalada huenda ni Februari 1950. Alama haikubadilika, kilichobadilika ni mapatano ya wasomaji.

Kupanda na kushuka

Tuingie sasa katika suala la mwelekeo. Kibodi ya kompyuta ina mikwaju miwili: / na \. Watu husema mmoja ni wa mbele na mwingine ni wa nyuma. Lakini mbele ya nani? Mstari hauendi popote.

Fikiria barabara itokayo Uyole, ikapita Kiwira na Tukuyu, ikateremka kuelekea Kyela na mpaka wa Kasumulu. Tukuyu iko kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500. Kwa atokaye Kyela, barabara ile ni ya kupanda. Kwa atokaye Tukuyu, ni ya kushuka. Lami ni ileile, kona ni zilezile. Mlima hauna kupanda wala kushuka mpaka awepo msafiri na ijulikane anatoka wapi.

Katika ukurasa, msafiri ni jicho la msomaji. Kwa kuwa herufi tunazotumia leo husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, jicho likiukuta mstari huu, /, linapanda. Likiukuta huu, \, linashuka. Lakini Kiswahili hakikuandikwa daima kwa herufi hizi. Kwa karne nyingi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Hati ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 ni ushahidi mmojawapo. Msomaji wa hati kama hiyo, akichorewa /, jicho lake lingeanza kileleni na kuteremka. Kwake yeye, mkwaju wetu wa “mbele” ungekuwa wa nyuma. Kwa hiyo “mbele” na “nyuma” si sifa za mstari. Ni sifa za njia ya jicho.

Mwalimu wa hisabati ataona mara moja kwamba hili ndilo somo la mteremko wa mstari katika jiometri ya kuratibu. Tumekubaliana kwamba thamani za mhimili wa mlalo zinaongezeka kuelekea kulia. Kwa mapatano hayo, mstari wa namna hii, /, una mteremko chanya, na wa namna hii, \, una mteremko hasi. Tungekubaliana kinyume, ishara zingegeuka, na mistari ingebaki vilevile. Mwanafunzi anayeelewa kwamba ishara ya mteremko inategemea mapatano juu ya mhimili, hatachanganya tena mikwaju miwili. Na anayeitofautisha mikwaju, nusu ya somo la mteremko amekwisha kulipata.

Napendekeza, basi, kwamba / uitwe mkwaju bila nyongeza, kwa kuwa ndio wa asili na wenye matumizi mengi, na \ uitwe mkwaju kinyume. Neno mshazari, ambalo baadhi ya watu hulitumia kwa alama yenyewe, libaki kueleza hali ya kuinama kwa ujumla, kama tunavyosema kitu kimekatwa kwa mshazari.

Mlima na bonde

Mkwaju kinyume hauna historia ndefu kama ya mwenzake. Katika vitabu vya kale huukuti ukifanya kazi ya kutenganisha maneno. Ulipata umuhimu kwa sababu ya kompyuta. Mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru, mtaalamu wa Kimarekani aitwaye Bob Bemer alipendekeza uingizwe katika orodha sanifu ya alama za kompyuta, orodha iliyochapishwa mwaka 1963 na kujulikana kwa jina la ASCII. Katika orodha hiyo mkwaju ni namba 47 na mkwaju kinyume ni namba 92. Kwa macho yetu ni mapacha. Kwa mashine wako mbali kama herufi nyingine zozote mbili.

Kwa nini Bemer aliutaka? Lugha ya kompyuta iitwayo ALGOL ilihitaji alama mbili za mantiki: moja ya “na”, nyingine ya “au”. Wanamantiki huandika “na” kwa umbo la ncha iliyoelekea juu, na “au” kwa umbo la ncha iliyoelekea chini, lakini maumbo hayo hayakuwako katika mashine za kuchapia. Mkwaju ukiunganishwa na mkwaju kinyume, maumbo yote mawili hupatikana: /\ kwa “na”, na \/ kwa “au”.

Mwalimu wa Rungwe hahitaji picha nyingine. Umbo la kwanza ni mlima. La pili ni bonde. Mlima ni “na”: ili sentensi yote iwe kweli, sharti pande zote mbili ziwe kweli, kama vile kilele kisivyosimama bila miteremko yote miwili. Bonde ni “au”: maji yakishuka kutoka upande mmoja tu, mto bado utapita chini. Atakayeutazama Mlima Rungwe na bonde la Mto Kiwira hatasahau kanuni hizi mbili.

Hapa pana jambo la kutafakari. Wataalamu wa kompyuta walichukua mistari miwili iliyoinama na kuiunganisha kwa makusudi ya kutenganisha “na” na “au”, kwa sababu mashine isingefanya kazi bila kujua ipi ni ipi. Sisi katika maandishi yetu tunachukua mstari mmoja na kuuweka mahali pa maneno hayo yote mawili, kisha tunamwachia msomaji akisie. Tunaitendea mashine kwa uangalifu kuliko tunavyomtendea jirani.

Mikwaju hii miwili imewasumbua hata wataalamu. Mfumo wa Unix ulitumia mkwaju kutenganisha majalada ndani ya kompyuta, na anwani za intaneti zikafuata desturi hiyo. Mfumo wa MS-DOS ulipoanza kuwa na majalada ndani ya majalada katika toleo la 2.0 la mwaka 1983, ulichukua mkwaju kinyume, kwa kuwa mkwaju wa kawaida ulikuwa tayari umepewa kazi nyingine katika maagizo yake. Kutoka hapo vizazi vya watumiaji wamechanganyikiwa. Tim Berners-Lee, aliyebuni mtandao wa kurasa za intaneti, alisema mwaka 2009 kwamba ile mikwaju miwili inayofuata nuktapacha katika anwani haikuwa ya lazima.

Kazi sita, alama moja

Tukiorodhesha kazi ambazo mwanafunzi wa sekondari hukutana nazo, tutapata angalau sita. Mkwaju hugawanya, kama katika 3/4. Humaanisha “kwa kila”, kama katika sh/kg ya majani mabichi ya chai, au ml/lita katika dawa ya kuogeshea ng’ombe. Humaanisha “hadi”, kama katika mwaka wa fedha 2024/2025, unaoanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Humaanisha “ndani ya”, kama katika namba ya mtihani, ambapo namba ya kituo hutangulia na namba ya mtahiniwa hufuata. Huzingira au kutenganisha: fonimu huandikwa kati ya mikwaju miwili, kama /p/, na mishororo ya shairi ikinukuliwa ndani ya aya hutengwa kwa mkwaju. Mwisho, husimama badala ya “na” au “au”.

Kazi tano za kwanza zina mapatano yanayojulikana, ingawa nazo zinataka uangalifu. Katika hisabati, desturi ya kuandika sehemu kwa mkwaju katika mstari mmoja ilipendekezwa na Mwingereza Augustus De Morgan mwaka 1845, ili wachapaji wasipate taabu ya kupandanisha kiasi juu ya asili. Lakini mstari wa mlalo huonyesha wazi kilicho chini yake; mkwaju hauonyeshi. Ukiandika 1/2x, na x ni 4, mmoja atapata 2 na mwingine atapata 1/8. Jibu moja ni mara 16 ya jingine. Mabano mawili yangemaliza ugomvi. Katika mwandiko wa mkono, mkwaju huweza pia kusomwa kama tarakimu 1, hata 5/10 ikageuka 5110. Kwa sababu hiyo wataalamu wa usalama wa dawa wanashauri usitumike kutenganisha vipimo.

Kazi ya sita ndiyo ninayoipinga.

Shuka au blanketi?

Tuchukue mfano. Shule ya bweni inatoa fomu ya kujiunga na kidato cha tano, na katika orodha ya mahitaji imeandikwa: “shuka/blanketi”, “jembe/panga”, “raba/viatu vyeusi”. Mzazi anayeishi mkoa wa joto anasoma, anahesabu fedha alizo nazo, anaona kwamba kimoja kinatosha, naye anamnunulia mwanawe shuka. Kidato cha tano huanza mwezi wa Julai, na Julai ya Tukuyu si Julai ya pwani. Mzazi mwingine, mwenye hofu ya mtoto kurudishwa, ananunua vyote viwili, jembe na panga, akikopa ili kutimiza. Mmoja amelala na baridi, mwingine ameingia katika deni, na wote wawili walisoma maandishi yaleyale kwa uaminifu. Aliyekosea si msomaji. Aliyeandika hakuamua.

Hali ni hiyohiyo katika mtihani. Swali likisema, “Eleza sababu/matokeo ya mmomonyoko wa udongo”, mwanafunzi mmoja ataeleza sababu tu, mwingine atagawa muda wake katika vyote viwili, na msahihishaji atakuwa na mwongozo mmoja. Hapo hatupimi tena maarifa ya mwanafunzi. Tunapima bahati yake katika kukisia nia ya mtungaji. Mtihani ni chombo cha kupimia, na chombo chenye mizani mbili kwa mzigo mmoja hakifai.

Watetezi wa mazoea haya wana hoja zao, na ni haki zisikilizwe. Husema kwamba mkwaju huokoa nafasi. Na tuhesabu: neno “na” lina herufi mbili, neno “au” lina herufi mbili, mkwaju ni alama moja. Kilichookolewa ni herufi moja na nafasi mbili. Husema pia kwamba mara nyingine mwandishi anataka yote mawili, yaani kimoja, au kingine, au vyote. Haja hiyo ni ya kweli, lakini Kiswahili kinaweza kuieleza: “shuka au blanketi, au vyote viwili”. Tena “au” ya mantiki, ile ya bonde, tayari inakubali pande zote mbili ziwe kweli. Husema mwisho kwamba watu wataelewa kutokana na muktadha. Aliye ndani ya ofisi anao muktadha. Aliye kijijini ana karatasi peke yake. Mdharau mwiba, mguu huota tende.

Siku 132 zenye shaka

Tarehe nazo zinastahili neno. Sisi huandika siku, kisha mwezi, kisha mwaka. Wamarekani hutanguliza mwezi. Wajerumani hufuata mpangilio kama wetu lakini hutumia nukta. Zamani tofauti hizi hazikutusumbua sana. Leo simu, programu za kompyuta na bidhaa hutoka kila upande wa dunia, na nyingi hufika zikiwa na mpangilio wa Kimarekani.

Saba Saba, 7/7, na Nane Nane, 8/8, hazina hatari, kwani husomeka sawa kwa pande zote. Sikukuu ya Muungano, 26/4, nayo ni salama, kwa kuwa hakuna mwezi wa 26. Lakini 7/4, ambayo kwetu ni siku ya kumkumbuka Mzee Karume, kwa Mmarekani ni tarehe 4 Julai, sikukuu yake ya uhuru. Na 9/12, siku ya uhuru wetu, kwake ni tarehe 12 Septemba. Siku zenye shaka ni ngapi katika mwaka? Shaka hutokea pale namba ya siku isipozidi 12. Siku hizo ni 12 katika kila mwezi, yaani 144 kwa mwaka. Ukitoa zile 12 ambazo siku na mwezi vina namba moja, zinabaki 132. Zaidi ya thuluthi moja ya mwaka! Anayesoma 08/09 kwenye kasha la dawa ya mifugo ana sababu ya kusita.

Dawa ni rahisi. Katika maandishi ya watu, tuandike mwezi kwa jina: 9 Desemba 1961. Katika kompyuta na kumbukumbu za maabara, tufuate kanuni ya kimataifa ISO 8601, iliyotolewa mwaka 1988, inayotanguliza mwaka na kutumia vistari: 1961-12-09. Utaratibu huu una faida nyingine, kwamba kompyuta ikipanga maandishi hayo kwa tarakimu, tarehe hujipanga zenyewe kwa wakati.

Kazi kwa walimu na wanafunzi

Sipendekezi mkwaju upigwe marufuku. Ubaki katika bei, katika vipimo, katika sehemu zenye mabano yanayostahili, katika fonimu na katika anwani za intaneti. Ninachoomba ni kwamba kila auandikaye ajiulize swali moja: msomaji atausomaje kwa sauti? Kama jibu ni “gawanya”, “kwa kila” au “hadi”, na muktadha ni wa hakika, auache. Kama jibu ni “na” au “au”, aandike neno lenyewe.

Walimu wa Rungwe, na wa wilaya nyingine zote, wanaweza kulifanya jambo hili kuwa uchunguzi wa wiki moja. Wanafunzi wagawanywe katika makundi. Kila kundi likusanye matangazo, stakabadhi, lebo za mbolea na dawa za mifugo, fomu na karatasi za mitihani ya zamani. Kila mkwaju unaopatikana uingizwe katika jedwali kwa kazi yake. Kisha maandishi yaleyale wapewe watu kumi tofauti, kila mmoja peke yake, waeleze wanaelewa nini. Pale majibu kumi yanapolingana, mkwaju unafanya kazi yake. Pale yanapogawanyika sita kwa manne, kosa limepimwa kwa hesabu, na darasa lina hoja ya kuwapelekea waandishi wa matangazo hayo. Matokeo yaandikwe na kubandikwa kwenye ubao wa shule, kwa sentensi kamili, kila “na” na kila “au” ikiwa mahali pake.